Je, Wajua? Jahazi Haliendi Pasipo Maji

Je, wajua kwamba waganga wa Kichina hulitazama tumbo la mzee aliyefunga choo kama jahazi lililokwama mchangani? Hawalisukumi. Huongeza maji. Hiyo ndiyo maana ya msemo wao *zeng shui xing zhou*: ongeza maji, chombo kiende.

Dawa yao mashuhuri ya kufunga choo, Ma Zi Ren Wan, hutokana na maandishi ya tabibu Zhang Zhongjing, yapata miaka 1,800 iliyopita. Kiungo chake kikuu ni mbegu za bangi. Usishtuke: mbegu hizo hazilevyi, mafuta yake ndiyo yanayolainisha choo. Huchanganywa na kokwa za aprikoti, mzizi wa peoni, magome ya magnolia, machungwa machanga na mzizi wa mmea uitwao *da huang*, kisha hufinyangwa kwa asali kuwa vidonge.

Huko Hong Kong, watafiti waliijaribu kwa watu 120 kwa wiki 8, wakailinganisha na dawa bandia. Matokeo yao ya mwaka 2011 yaliipa ushindi Ma Zi Ren Wan.

Lakini *da huang* si mchezo. Ina kemikali za aina ile ile iliyomo katika sanamaki ya bibi zetu wa pwani. Ikizidi huharisha, na kuharisha humkausha mzee maji na chumvi za mwili, hasa anayetumia dawa za moyo au shinikizo la damu. Usimpe mzazi wako kabla ya kumuuliza daktari wake.