Kwa Nini Baa Tupu Huzidi Kuwa Tupu?

Ijumaa, saa mbili usiku, Sinza. Jamaa wawili wanashuka kwenye bodaboda mbele ya baa ya mama yangu mdogo. Mmoja anachungulia ndani. Viti 80 vya plastiki, televisheni inaongea peke yake, mhudumu ameegemea kaunta. Jamaa anatoa simu, anajifanya amepigiwa, anamvuta mwenzake, wanavuka barabara. Upande wa pili kuna baa nyingine. Bia zile zile, bei ile ile, choo kibaya kuliko chetu, na imejaa mpaka watu wanakalia kreti.

"Umeona?" Mama mdogo akaniuliza. "Wewe si unasoma takwimu huko chuo? Basi niambie mwanangu, nimerogwa au vipi?"

Sikucheka, maana hakuwa anatania. Alistaafu ualimu na kiinua mgongo chake kikaingia chote kwenye ile fremu: jiko, mafriji, viti, kodi ya miezi sita. Kodi nyingine ilikuwa inakaribia, na wahudumu wawili walikuwa wanadai mshahara. Jirani alishamwelekeza kwa mganga. Mwingine alimshauri ashushe bei ya bia. Fundi wa muziki akamwambia tatizo ni spika, anunue kubwa zaidi. Mimi nikamwomba asitoe hela kwa yeyote kati yao kwa wiki mbili, nikarudi hosteli kusoma. (Utafiti wangu wa uzamili unahusu mambo mengine kabisa. Msimamizi wangu kama unasoma hapa, nisamehe.)

Nilichokikuta kilinishangaza: baa inaweza kukosa watu hata kama haina kasoro yoyote ya maana.

Namba iliyo kichwani mwa kila mteja

Hebu tuchukue watu 100 wanaopita barabara ile Ijumaa wakiwa na kiu. Kila mmoja ana namba yake kichwani, hata kama hajui kwamba anayo: idadi ya watu anaotaka kuwaona wamekaa ndani ndipo na yeye aingie. Tuiite kizingiti. Kuna mmoja wa kizingiti 0. Huyo anaingia popote, hata baa ikiwa na paka tu. Kuna wa kizingiti 1, wa 2, wa 3, hivyo hivyo mpaka wa 99, ambaye haingii mpaka aone nyomi.

Baa inafunguliwa. Wa 0 anaingia. Wa 1 anaona kuna mtu, anaingia. Wa 2 anaona wako wawili, anaingia. Endelea hivyo, na mwisho wote 100 wako ndani na wahudumu hawana pa kupita.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Yule wa kizingiti 1 mpe kizingiti 2. Wengine 99 usiwaguse. Wa 0 anaingia, anaagiza bia yake. Nani anafuata? Hakuna. Kila aliyebaki nje anataka kuona angalau watu wawili, na ndani yuko mmoja. Usiku unaisha kwa mteja mmoja na televisheni.

Piga hesabu ya wastani wa vizingiti uone. Katika mtaa wa kwanza wastani ni 49.5, katika wa pili ni 49.51. Yaani ungewahoji watu wote 100 kwa dodoso, ungesema mitaa hii miwili ina watu wa aina moja. Lakini baa ya kwanza ina wateja 100, ya pili ina mmoja.

Hesabu hii ni ya Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1978. Yeye mfano wake mkuu ulikuwa fujo za mitaani: nani anarusha jiwe la kwanza, nani anasubiri watu kumi warushe ndipo na yeye aokote lake. Alichotuonya ni kwamba ukiona umati umefanya jambo, usikimbilie kusema umati mzima ulikuwa na nia ile. Nami nageuza upande wa pili: ukiona baa haina watu, usikimbilie kusema watu hawaipendi. Huenda mnyororo umekatika kwenye pete moja, tena pete ya mwanzoni kabisa.

Kuna jambo moja ambalo mfano huu unaliacha, na kwa baa ndilo zito: watu hawakai milele. Nilipokaa pale kaunta na daftari niligundua kwamba Mama mdogo alikuwa na watu wake wa kizingiti 0. Mafundi wa gereji ya jirani walikuja saa kumi na mbili jioni, bia moja moja, na ikifika saa moja na nusu wameshaondoka. Wale wa kizingiti 2 na 3, wafanyakazi wa ofisini waliokwama kwenye foleni, walifika saa mbili. Wakakuta viti. Makundi yote mawili yalikuwa yanapita pale kila Ijumaa, na hayakuwahi kuonana.

Kwani watu ni kondoo?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea wanapozungumzia kufuata mkumbo. Jiweke kwenye nafasi ya yule jamaa wa bodaboda. Hajui kama bia ni ya baridi kweli, kama nyama ni ya leo au ya juzi, kama pana usalama. Kitu pekee anachokiona bure kutoka barabarani ni vichwa vya watu. Baa yenye watu wengi inamaliza mbuzi wake siku hiyo hiyo, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa nyama yake ni mbichi zaidi. Anakisia, na anakisia kwa akili.

Tatizo ni kwamba akili za watu wengi zikijumlishwa zinaweza kutoa ujinga. Mwaka 1992 mchumi Abhijit Banerjee (huyu ndiye aliyekuja kupata Nobel mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili) alieleza kisa cha migahawa miwili, A na B, iliyo jirani. Watu wote wanaanza wakiamini kwamba A ina uwezekano mkubwa kidogo tu wa kuwa bora, tuseme asilimia 51 kwa 49. Halafu kila mmoja anapata fununu yake binafsi. Kati ya watu 100, fununu za watu 99 zinasema B ni bora. Ya mmoja inasema A. Bahati mbaya yule mmoja ndiye anayefika wa kwanza. Anaingia A. Wa pili anamwona, anawaza: "Huyu lazima alisikia A ni nzuri. Mimi nilisikia B. Fununu zetu zinafutana, basi nabaki na ile imani ya mwanzo." Anaingia A. Wa tatu anajua kwamba wa pili angeingia A vyovyote vile, kwa hiyo hatua ya wa pili haimfundishi kitu. Naye yuko palepale alipokuwa wa pili. Anaingia A. Wote 100 wanaishia A, ingawa 99 kati yao walikuja na habari kwamba B ni bora.

Nilipomweleza Mama mdogo hili alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe choo changu kizuri hakuna anayekijua." Ndivyo hasa. Ubora uliofichwa nyuma ya mlango ambao mtu haufikii hausaidii kitu.

Tulichofanya

Kushusha bei tulikukataa kwanza. Faida ya chupa ni ndogo tayari, na punguzo la shilingi 500 usiku kucha unampa hata yule wa kizingiti 0 ambaye angeingia bila punguzo. Tukaona heri hela hiyo iende kwa watu wachache, kwenye saa moja maalumu. Supu ya bure kwa anayekaa kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Mafundi wa gereji wakaanza kubaki.

Halafu tukafunga ukumbi wa nyuma. Viti 80 vikawa 24, vyote mbele, vinaonekana toka barabarani. Watu 12 kwenye viti 80 ni msiba; watu hao hao kwenye viti 24 ni baa yenye uhai. Hili Mama mdogo alilipinga sana. Kila kiti alikinunua kwa hela yake, na kuvirundika stoo aliona kama kukiri kushindwa.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa wazee wa drafti. Kuna wazee wanne waliokuwa wanacheza chini ya mwarobaini wa jirani. Soda moja kwa saa tatu. Mama mdogo alishawahi kuwafukuza kwenye meza zake kwa sababu hawanunui. Mimi nikaomba warudishwe na wapewe meza ya mbele kabisa. Kwa hesabu za mauzo hao ni hasara, lakini kwa hesabu za vizingiti ni watu wanne wa 0 wasioondoka, tena wenye kelele. Mwaka 1969 Stanley Milgram na wenzake walifanya jaribio mtaani New York: mtu anasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, anatazama juu dirisha la ghorofa. Akiwa mmoja, asilimia 4 ya wapita njia walisimama pamoja naye. Wakiwa 15, asilimia 40 walisimama. Hakuna aliyeuliza hao wa kwanza wananunua nini.

Spika hatukununua. Tulipunguza sauti, ili kicheko cha wazee kifike barabarani.

Kijana mmoja alitushauri tuwalipe watu wakae tu kama wateja. Hapo nilisita. Matthew Salganik na Duncan Watts waliwahi kuendesha soko la muziki mtandaoni ambamo waligeuza orodha ya umaarufu kwa makusudi: nyimbo zilizopendwa kidogo zikaonyeshwa kama ndizo zinazoongoza. Uongo ulifanya kazi kwa nyimbo nyingi. Ila zile bora kabisa zilipanda tena taratibu, na watu kwa jumla walipakua nyimbo chache kuliko pale ambapo orodha haikuchezewa. Mteja akiingia kwa ajili ya umati wa bandia akakuta nyama ngumu, umemlipia nauli ya kwenda kwa jirani. Wazee wa drafti angalau wanapapenda pale kweli.

Na huyo jirani? Naye ana mpaka wake. Mchumi W. Brian Arthur, mwaka 1994, alitunga fumbo kutokana na baa halisi ya Santa Fe, Marekani, iitwayo El Farol: watu 100, na raha inakuwepo tu kama waliokwenda hawazidi 60. Mtu anatoka nyumbani bila kujua wangapi watakwenda. Kwa hiyo kuna siku baa inafurika na wengine wanajuta. Kwa jirani yetu majuto yanaanza saa nne, kiti hakuna, mhudumu haonekani. Mama mdogo alikuwa anazima jiko saa tatu na nusu kwa kukosa wateja, yaani nusu saa kabla watu hawajaanza kutoka kwa jirani wakitafuta pa kukaa. Sasa mkaa unawaka mpaka saa sita.

Ijumaa na Jumamosi viti 24 vinajaa. Jumatatu bado ni paka na televisheni. Siwezi kuapa kwamba ni vizingiti vilivyofanya kazi. Tulianza mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, na baa moja si jaribio la kisayansi. Kodi imelipwa ya miezi mitatu, na mwenye nyumba amekubali kusubiri iliyobaki.

Juzi nimemkuta anafuta vumbi viti vya ukumbi wa nyuma. Nikamwambia, "Mama, bado." Akaniangalia, akaendelea kufuta. "Sawa, bado. Ila hao wazee wako waambie angalau Jumapili wanywe soda mbili."