Fahamu: Dawa za Sonona na Viungo Visivyotii Amri
Mgonjwa wa sonona atumiaye fluoksetini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, au nyingine za jamii yake, huenda akaona, ijapokuwa si kila mtu, mikono ikitetemeka, meno yakisagana usingizini, au miguu ikikataa katakata kutulia. Nayo sababu, kwa rai ya mabingwa wa tiba, ni kwamba serotonini, kemikali ambayo dawa hizo huiongeza, ikizidi ubongoni yaweza kuidhoofisha dopamini, kemikali nyingine ambayo ndiyo iratibuyo harakati za viungo. Hayo si wazimu wala pepo, na tabibu aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Lakini kuiacha dawa ghafula kwa shauri la nafsi yako kuna madhara. Mtetemo ukifuatana na homa, jasho jingi na kuchanganyikiwa, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.