Yule anayerudilia kila kitu anaweza kutufundisha kutulia

Pengine katika mutaa wako kuna mutoto wa namna hii. Haangalii watu machoni. Anapanga vifuniko vya chupa kwa mustari, na mutu akisogeza kimoja tu, analia mpaka jioni. Ngoma za arusi zikianza, anaziba masikio na kukimbia. Anajiyumbisha mbele na nyuma wakati murefu. Akifikia umri wa miaka 15, watu wamekwisha kumupa jina: kichaa, ao mbaya zaidi, mulozi.

Yanayofuata tunayajua hapa Bukavu, na ninyi wa Kamituga na Shabunda munayajua vilevile. Baba iko kwenye mashimo ya zahabu, mama anabaki peke yake, na wakubwa wa jamaa wanasema: « Umupeleke kwenye chumba cha maombi. » Kule pengine mutoto ananyimwa chakula siku nyingi, ao anafungwa kamba kusudi pepo itoke. Pepo haitoki. Kinachotoka ni nguvu za mutoto, na tumaini lake kwa wazazi.

Jina la kweli la jambo hili

Linaitwa otizimu, Watanzania na Wakenya wanasema usonji. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, kule Baltimore katika Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii. Haitoki kwa ulozi, wala kwa laana ya ukoo, wala kwa chanjo, wala kwa kosa la mama. Mutu anazaliwa na ubongo unaopokea sauti, mwangaza, maneno na kuguswa kwa ginsi ingine. Wengine wanasema maneno mengi, wengine hawasemi hata moja. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilikadiri kwamba mwaka 2021 mutu 1 kati ya watu 127 alikuwa na otizimu. Basi hata katika parokia yako wako.

Ujue tena kwamba Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kipengele cha 41, inakataza kumushitaki mutoto juu ya ulozi. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatoa azabu kwa anayefanya vile.

Mwili unatafuta kutulia

Sasa, kwa nini anajiyumbisha? Mara nyingi ni kwa kujituliza. Sauti na watu vimemujaa kichwani, na mwili unatafuta njia.

Temple Grandin, mwanamke Mumarekani aliyezaliwa mwaka 1947, ana otizimu. Alipita miaka 3 bila kusema. Alipokuwa kijana, kwenye shamba la shangazi yake, aliona ng'ombe wenye woga wakibanwa kati ya mbao mbili kusudi wachanjwe, na wengine wakatulia. (Sisi watu wa Bushi tunapenda ng'ombe, tunaelewa.) Yeye alikuwa anaogopa kukumbatiwa, lakini akajitengenezea sanduku la kujibana mwili kwa kipimo chake mwenyewe, na akatulia. Watu walimushangaa. Kiisha akawa mwalimu wa chuo kikuu, na mwaka 1992 akaandika maelezo juu ya ile njia ya kubana mwili. Jambo lililomupatia haya likawa somo kwa wengine.

Yoga inafuata njia ya karibu na ile. Ni mazoezi ya zamani kutoka Uhindi: kunyoosha mwili, kusimama imara, kupumua polepole. Hakuna mashindano, hakuna mupira unaokurukia usoni. Utaratibu unaweza kuwa uleule kila siku. Mikono ikisukuma chini, mwili unajisikia. Pumzi ikitoka polepole, moyo unapunguza mwendo. Uchunguzi juu ya yoga na otizimu ungali kidogo, na yoga haiondoe otizimu. Lakini inaweza kumusaidia mutu kubeba siku yake.

Je, Mukristo anaweza?

Ulizo hili ni la haki, kwa sababu yoga ilizaliwa katika dini ingine. Mumonaki Mubenediktini Jean-Marie Déchanet, aliyeishi pia katika monasteri ya Kansenia kule Katanga, alitoa mwaka 1956 kitabu juu ya kutumia mazoezi haya katika maisha ya Kikristo. Mwaka 1989 Roma iliandikia maaskofu barua yenye sahihi ya Kardinali Ratzinger, aliyekuwa baadaye Papa Benedikto wa 16. Ilikubali kwamba namna ya kukaa na kupumua inaweza kusaidia sala, lakini ikaonya: utulivu wa mwili usizanie ni Roho Mutakatifu. Basi, zoezi ni zoezi, sala ni sala. Ukiwa na mashaka, muulize padri ao muchungaji wako.

Tuanze nyumbani

Chagua saa ileile, pahali palepale, mukeka uleule. Zima radio.

1. Akae chini, mugongo umenyooka. Avute pumzi akihesabu 3, aitoe akihesabu 5. Asizuie pumzi.
2. Asimame kama mulima, miguu yote miwili imara.
3. Aweke mikono juu ya ukuta, ausukume kwa nguvu, akihesabu 10.
4. Apige magoti, ainame mpaka kipaji cha uso kiguse mukeka, mikono mbele.
5. Alale chali. Akipenda, umufunike blanketi nzito, si kichwani hata kidogo, na aweze kuitoa mwenyewe.

Usimuguse bila kumuuliza. Usimulazimishe, akisema basi, ni basi. Akiwa na kifafa, uzungumuze kwanza na muganga.

Kutoka mwanafunzi mpaka mwalimu

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Yule anayerudilia kila kitu haruke hata zoezi moja. Hatakuambia « pumua mpaka vidoleni », maneno ambayo hata yeye hayaelewi. Atasema: « Weka muguu wa kuume mbele. Hesabu mpaka 5. » Atauliza mbele ya kukugusa, maana anajua uchungu wa kuguswa. Je, huyu si mwalimu muzuri? Kreseri mwenye mugongo unaouma, mama anayebeba muzigo soko la Kadutu, mutoto aliyesikia risasi: wote watafaidika.

Enda naye pole. Mwezi wa kwanza afanye nyumbani. Kiisha asimame kando ya mwenye kuongoza. Kiisha aongoze zoezi moja, halafu yote. Umuchoree picha za mazoezi. Mambo yakibadilika, umuambie mapema. Makelele yakizidi, atoke bila kuchekwa. Na kama ungelilipa mwalimu mwingine, umulipe na yeye. Kule Nairobi, tangu mwaka 2007, Africa Yoga Project imefundisha vijana wa mitaa ya maskini wakawa walimu wa yoga. Basi kazi hii inalisha.

Vijana wa Xaveri, chama chenu kilizaliwa hapa Bukavu. Na ninyi viongozi wa Kizito-Anuarite, muko na sala na watoto. Mumufungulie mulango. Na wazazi, mukihitaji shauri la waganga, SOSAME ya Mafrere wa Upendo (Frères de la Charité) inajulikana hapa Bukavu kwa kutunza magonjwa ya akili, na Heri Kwetu imetumikia walemavu miaka mingi. Kwenda kule si haya.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani

– Katika mutaa wetu, nani tumemupa jina baya kwa sababu hatukumuelewa?
– Ni jambo gani analojua kufanya sawasawa kuliko sisi?
– Juma hili, nani kati yetu atakaa naye kwenye mukeka dakika 10?