Maneno ya Aliyenusurika

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Mamia walifariki, na mamia waliokolewa wakarejea kwa jamaa zao. Ndugu wasomaji, leo tunawazungumzia waliorejea, wa ajali ile na wa misiba mingine mfano wake. Kwani aghlabu tukimwona mtu anakula na kutembea husema amepona, ilhali ulimi wake unaeleza jingine.

Tusikilize namna anavyosimulia. Kisa kilichopita huelezwa kwa "yaliingia" na "nilimshika". Asemaye, mwaka mzima baadaye, "maji yanaingia, namshika mkono, unaponyoka", huku jasho likimtoka, kwake yeye tukio halijapita. Bila shaka hata sisi hadithi ikitunogea husimulia hivyo. Ila sisi tunaweza kuikatiza tukanywa kahawa. Kurejewa na tukio namna hiyo, pamoja na majinamizi na kukwepa kila kinachokumbusha, tabibu huzihesabu kuwa dalili za maradhi ya mshtuko, hasa zikizidi mwezi mmoja.

Wengine hujitoa katika kisa chao wenyewe. Badala ya "niliona", husema "mtu unaona tu". Nchini Marekani, watafiti Cohn, Mehl na Pennebaker walichunguza shajara za watu zaidi ya 1,000 zilizoandikwa kabla na baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Huzuni katika maneno yao ilirudi kiwango cha kawaida baada ya wiki mbili, lakini ile hali ya kujiweka mbali na jambo iliendelea. Hata hivyo, wao walihesabu maneno ya Kiingereza, ambamo "mimi" husimama peke yake. Kwetu sisi hujificha ndani ya kitenzi, hivyo hesabu yao haihamishiki vivi hivi. Kwetu sikio la mama au la mke hutangulia hesabu.

Lipo pia neno "Alhamdulillahi". Ni neno tukufu, wala hatumzuii mtu kulitamka. Lakini likiwa ndilo jibu la kila swali, na baada yake kimya, yafaa tukae naye zaidi. Wapo wanaodhani kuonyesha huzuni ni upungufu wa imani, basi wakumbuke Nabii Yaakub (a.s.), ambaye macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe.

Neno lisilongoja hata kesho ni "bora ningezama nao". Muulizeni waziwazi na kwa upole kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msimwache peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mkifika, msimwambie daktari kwamba "ana mawazo" tu. Mrudieni maneno yenyewe aliyoyasema, na tangu lini anayasema.