Anwani ya barua pepe iwe ya mwanafunzi mwenyewe

Kila matokeo ya KCSE yatangazwapo, vibanda vya saiba huko Likoni, Kisauni na Changamwe hufurika vijana. Yupo ajaye kuchagua chuo kupitia KUCCPS, yupo aombaye mkopo wa HELB, na mapema au baadaye wote hutakiwa kutoa anwani ya barua pepe. Asiye nayo hufunguliwa papo hapo na mwenye kibanda, ambaye hubuni neno la siri na, kwa kuwa kijana hana simu, huandikisha nambari yake mwenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia mwaka jana machozi yakimlengalenga. Kibanda kilikuwa kimefungwa, mwenyewe amehamia bara, na barua za chuo zimo ndani ya sanduku asiloweza kulifungua. Kila alipojaribu, tarakimu za kumthibitisha zilipelekwa kwenye simu ya yule bwana.

Wengi wetu hudhani kwamba barua pepe hukaa ndani ya simu. La hasha! Hukaa katika mitambo ya kampuni, mbali kabisa, na simu ni dirisha tu la kuchungulia. Ndiyo maana mwalimu aliyeanza azimio lake la kazi kwa simu usiku akiwa Kisauni aweza kulikamilisha kesho yake kwenye tarakilishi ya shule kule Changamwe, na simu ikimponyoka kwenye feri (ni wangapi hazijawaponyoka?), azimio halizami nayo. Lakini dirisha likiachwa wazi katika tarakilishi ya saiba, ajaye nyuma yako huchungulia vilevile.

Isitoshe, gigabaiti 15 ambazo Google hutoa bila malipo hugawanywa baina ya barua, picha na faili. Zikijaa, barua mpya hukataliwa, naye mwombaji kazi hudhani amesahauliwa. Tangu Desemba 2023, kampuni hiyo pia imeanza kufuta akaunti zisizotumiwa kwa miaka miwili.

Walimu wenzangu, kipindi kimoja kabla ya mtihani chatosha. Kila mtahiniwa afungue anwani yake kwa mkono wake, atie nambari ya mzazi iwapo hana simu, na neno la siri aliandike katika daftari linalobaki nyumbani. Waliokwisha kufunguliwa anwani saiba nao waende wakabadilishe nambari wiki hii, maadamu mwenye kibanda angalipo.