Kontena halina tundu, kahawa imelowa: maji yametoka wapi?

Kahawa imepakiwa Kampala ikiwa kavu. Imevuka Malaba, imeteremka hadi Mombasa, imepanda meli. Wiki kadhaa baadaye mnunuzi wa Ulaya anafungua mlango na kukuta magunia ya juu yamelowa na kuota ukungu. Wa kwanza kulaumiwa ni msafirishaji: kontena lake linavuja. Linakaguliwa, halina tundu hata moja.

Mara nyingi maji hayo hayakutoka nje. Yalitoka ndani ya kahawa yenyewe, yakabebwa na hewa hadi kwenye paa, kisha yakadondoka. Watu wa meli huyaita mvua ya kontena. Anayejua safari ya maji hayo ana nafasi nzuri zaidi ya kujitetea linapokuja suala la nani alipe.

Hewa nayo ina uzito

Mita moja ya ujazo ya hewa kavu yenye nyuzi joto 30 ina uzito wa kilo 1.16 hivi pale usawa wa bahari. Ikipoa hadi nyuzi 10, ujazo uleule unafikia kilo 1.25 hivi. Tofauti ni gramu 80 au 90 tu, lakini inatosha: hewa nzito huzama na kuisukuma nyepesi juu. Hewa yenye mvuke huwa nyepesi zaidi, kwa sababu mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu.

Mpishi huliona jambo hili kwenye sufuria ya maharage. Maji ya chini yakipata moto hupanda, ya juu yaliyopoa hushuka, na maharage yanazunguka bila mwiko. Vitabu vya sayansi huuita mzunguko huo myuko.

Kinachotokea ndani ya kontena

Kontena la futi 20 hubeba takriban magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Shirika la Kimataifa la Kahawa, katika Azimio namba 420 la mwaka 2004, liliweka unyevu wa kahawa mbichi kati ya asilimia 8 na 12.5. Basi kahawa yenye unyevu wa asilimia 12, ambayo imo ndani ya kipimo, inaingia kontenani na kilo 2,300 hivi za maji yasiyoonekana.

Meli inaondoka Mombasa mzigo ukiwa na joto. Ikifika Ulaya wakati wa baridi, bati la paa hupoa upesi huku magunia ya katikati yakibaki na joto lake. Hewa iliyo kati ya magunia hupata joto, huchukua unyevu na kupanda. Ikigusa bati baridi, hali hubadilika. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, ya nyuzi 10 haizidi gramu 10. Kinachozidi hugeuka matone.

Hewa hiyo iliyopoa sasa ni nzito. Inashuka kandokando ya kuta, inarudi kwenye magunia, inachukua unyevu mwingine na kupanda tena. Mzunguko hautulii mpaka joto la mzigo na la bati lilingane. Ndiyo maana magunia ya juu na yale yanayogusa kuta huharibika kwanza.

Barabarani pia

Lori la kutoka Malaba hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Likipigwa jua mchana na kulala huko usiku, paa hupoa na mzunguko huanza kabla ya kuiona bandari.

Pwani mambo hugeuka. Mzigo uliopoa bara ukifunguliwa Mombasa, hewa ya joto yenye unyevu huingia na kuacha maji juu ya magunia yenyewe.

Hasara si gunia kulowa tu. Ukungu unaweza kuzaa sumu ya okratoksini. Tangu Januari 2023, Umoja wa Ulaya umeshusha kiwango kinachoruhusiwa katika kahawa iliyokaangwa kutoka mikrogramu 5 hadi 3 kwa kilo.

La kufanya

1. Pima unyevu kabla ya kupakia, na uandike kipimo hicho kwenye hati ya makabidhiano.

2. Ingia ndani ya kontena tupu, funga milango, utazame kama mwanga unapenya. Lenye tundu likataliwe hapo hapo.

3. Usipakie juu ya sakafu iliyooshwa ikiwa bado mbichi. Mbao zikilowa huongeza maji yatakayozunguka.

4. Tandika karatasi nene za kaki kwenye kuta na juu ya magunia, na utundike mifuko ya kunyonya unyevu. Usizibe matundu ya kupitishia hewa.

5. Usifungue milango pwani bila sababu mzigo ukiwa bado wa baridi.

6. Ukitokea ubishi, omba maji yapimwe kwa nitrati ya fedha. Maji ya bahari hugeuka meupe kama maziwa kwa sababu ya chumvi. Yasipobadilika, bahari haikuingia. Hapo ndipo hati yako ya ukaguzi na kipimo cha unyevu vitakapokutetea.