MAANA YA IMANI KATIKA DINI YA KIYAHUDI, IKILINGANISHWA NA UKRISTO NA UISLAMU

Mwanafunzi akiulizwa, "Eleza maana ya imani katika dini ya Kiyahudi," mara nyingi huandika maana inayopatikana katika Waebrania 11:1, aya anayoikumbuka tangu darasa la kipaimara. Huandika kwa uhakika, tena kwa mwandiko mzuri, kisha hukosa alama. Waraka kwa Waebrania ni kitabu cha Agano Jipya, na Wayahudi hawalihesabu Agano Jipya kuwa Maandiko yao. Ni sawa na kueleza imani ya Walutheri kwa kunukuu Kurani.

Hapa kwetu Karagwe na Kyerwa kosa hili lina sababu yake. Katika darasa moja utakuta Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu, lakini hakuna Myahudi hata mmoja wa kunyoosha mkono na kusema, "Mwalimu, sisi nyumbani hatuelezi hivyo." Kwa hiyo mada hii inahitaji kusomwa taratibu.

Neno lenyewe

Tuanze na Kiswahili, kwa kuwa kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Maneno imani, amini, uaminifu, amana na amani yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Kiebrania ni lugha ndugu ya Kiarabu, na kina mzizi huohuo. Humo limetoka neno emuna, ambalo kwa kawaida hutafsiriwa "imani", na limetoka pia neno tunalofungia sala, amina.

Sasa fungua Kutoka 17:12. Waisraeli wanapigana na Waamaleki. Musa yuko juu ya kilima ameinua mikono, na mikono imechoka. Haruni na Huri wanaishikilia, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua linapotua. Neno la Kiebrania linaloeleza hali ya mikono ile ni emuna: mikono ilikuwa thabiti, haikuanguka. Mikono haina mafundisho inayoyakubali wala kuyakataa. Kazi yake ilikuwa kubaki pale ilipowekwa. Huo ndio msingi wa neno hili kwa Wayahudi, yaani uthabiti na uaminifu wa kutegemewa.

Wanaozungumza Runyambo nyumbani wanaweza kulinganisha maneno mawili: okwikiriza, kukubali jambo, na okwesiga, kumtegemea mtu. Kukubali kwamba chama cha msingi kipo ni jambo moja. Kukipelekea magunia yote ya kahawa yako kabla hujalipwa ni jambo jingine kabisa. Emuna iko karibu zaidi na hilo la pili, na inagusa pande zote mbili: mkulima anayetegemea na chama kinachopaswa kutimiza ahadi. Ndiyo maana katika Kumbukumbu la Torati 32:4 neno hilohilo linatumika kumhusu Mungu mwenyewe, kuwa ni mwaminifu.

Imani ndani ya agano

Uhusiano huo wa pande mbili huitwa agano. Ibrahimu alimwamini Mungu (Mwanzo 15:6, mzizi ni uleule), na katika sura ya 17 agano likatiwa alama mwilini kwa tohara. Mlimani Sinai, katika Kutoka 24:7, watu waliahidi kwanza kutenda, na kusikia kukatajwa baadaye. Marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, wameutilia uzito mpangilio huo kwa karne nyingi: mtu huanza kutenda, na kuelewa hukua ndani ya kutenda. Kwa hesabu yao Torati ina amri 613.

Soma pia Kumbukumbu la Torati 6:4-9, ungamo ambalo Myahudi mshika dini husema asubuhi na jioni, na ambalo huitwa Shema. Linatangaza kwamba Mungu ni mmoja, kisha mara moja linaingia katika kazi: kumpenda, kuwafundisha watoto, kufunga maneno haya mkononi, kuyaandika kwenye miimo ya mlango.

Jambo moja huwashangaza wanafunzi kila mwaka. Kwa sheria ya jadi ya Kiyahudi, mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi hata akiwa na mashaka kuhusu mafundisho. Amezaliwa ndani ya agano, na swali analoulizwa ni kama analishika.

Tahadhari hapa. Usiandike kwamba "Wayahudi hawana imani, wana sheria tu." Si kweli, na ni maneno yaliyowahi kutumiwa kuwadharau. Mwanachuoni Maimonides, aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika misingi 13 ya imani katika ufafanuzi wake wa Mishna, tena kwa lugha ya Kiarabu. Lakini wenzake hawakukubaliana wote. Katika karne ya 15 Yosef Albo aliona misingi mitatu inatosha. Hakukuwa na mtaguso wa kuufunga mjadala huo kama Wakristo walivyofanya Nikea mwaka 325.

Ukristo na Uislamu

Tofauti na Ukristo inaonekana vizuri katika aya moja fupi, Habakuki 2:4, inayosema jinsi mwenye haki atakavyoishi. Neno lililomo ni emuna, na Wayahudi wengi hulisoma kama uaminifu wa mwenye haki huyo. Mtume Paulo aliichukua aya hiyo katika Warumi 1:17 na Wagalatia 3:11, akiandika kwa Kigiriki, akailekeza kwa Yesu Kristo: mtu huhesabiwa haki kwa kumwamini yeye. Martin Luther alijenga juu ya hapo katika karne ya 16. Lakini Yakobo 2:14-26 umo katika Biblia hiyohiyo, na unadai matendo. Anayejibu kwamba Wakristo hawajali matendo amesoma nusu.

Uislamu unasimama mahali pa kuvutia. Katika hadithi maarufu ya Jibrili, Mtume Muhammad (S.A.W.) anaulizwa kuhusu Uislamu, imani na ihsani, na kila kimoja kina jibu lake. Imani ina nguzo sita: Mwenyezi Mungu, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho na kadari. Matendo yana nguzo tano. Kwa uzito wa sheria katika maisha ya kila siku, Uislamu uko karibu na Uyahudi; kwa kuwa mtu huingia kwa kutamka shahada, uko karibu na Ukristo.

Na wazee wa Karagwe kabla ya dini hizi walimjua Ruhanga muumba, na waliwatolea Wamara na Mugasha sadaka. Hakuna aliyetakiwa kukariri orodha ya mafundisho. Aliyetimiza wajibu wake kwa mizimu na kwa ukoo alikuwa amefanya lililotakiwa.

Mfano wa jirani: Abayudaya wa Uganda

Ukivuka Mto Kagera pale Murongo umeingia Uganda, na mashariki mwa nchi hiyo, karibu na mji wa Mbale, kuna Wayahudi Waafrika wanaoitwa Abayudaya. Mwanzilishi wao, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Buganda aliyeshiriki kuwakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega mwaka 1899. Alikuwa Mprotestanti. Aliposoma Agano la Kale aliona tohara imeamriwa, na mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Kiyahudi, alikubali kuwa Myahudi.

Angalia mpangilio: tendo lilitangulia. Kwa muda jamii yake iliendelea hata na ubatizo na baadhi ya sala za Kikristo, mpaka mgeni Myahudi alipokaa nao miezi kadhaa karibu mwaka 1920 akawafundisha kalenda, sikukuu na taratibu za chakula. Kakungulu alifariki mwaka 1928.

Kisha likaja jaribio kubwa. Idi Amin alipotawala (1971–1979), ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi walihamia Ukristo au Uislamu. Waliobaki, wachache sana, walisali kwa siri majumbani. Hapa Kagera tunakumbuka vita hiyo kwa sababu nyingine, uvamizi wa mwaka 1978. Jeshi letu lilipoikomboa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyohiyo ilianza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Abayudaya husimulia hilo mpaka leo.

Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli waliwapokea rasmi mamia yao, kwa kuzamishwa majini kama sheria inavyotaka. Gershom Sizomu, aliyezaliwa katika jamii hiyo, akawa rabi mwaka 2008. Wayahudi wa Kiorthodoksi hawakuutambua upokezi ule, na mabishano yao ni juu ya utaratibu na mamlaka ya marabi waliousimamia.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia Kutoka 17:12 na Kumbukumbu la Torati 6:4-9, fafanua maana ya emuna.

2. "Waliobaki Abayudaya wakati wa Amin walikuwa na imani." Jadili kauli hii kwa mtazamo wa Kiyahudi, kisha kwa mtazamo wa Kikristo au wa Kiislamu. (Dokezo: katika sehemu ya kwanza, eleza walichokifanya kabla ya kueleza walichokiamini.)